Watani Hawakualikwa

Tangu alfajiri sikuwa nimekaa chini. Nilikuwa nazunguka nyumba ya Mjomba Ignas kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikihakiki mambo niliyokwisha kuyahakiki. Betri zote tatu zimejaa. Jeneza limeletwa kutoka kwa seremala. Wabebaji sita wamefika. Kaburi lilichimbwa jana na vijana wa kijijini. Mtoto amekunywa chai na kiazi kitamu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kimoja: mtoto halii.

Jina lake Leokadia. Ana miaka tisa, anasoma darasa la tatu hapohapo Kinole, na mpaka siku ile alikuwa ameigiza siku nane bila kunisumbua. Filamu yetu ilimhusu binti anayebaki na shamba la mdalasini baada ya mama yake kufariki. Leokadia alikuwa amepanda milima mbele ya kamera, amemenya magome, amegombana na mbuzi na amenyeshewa mvua ya kweli, yote kwa wepesi wa mtu anayeishi tu siku zake. Lilibaki onyesho moja, la mazishi. Hapo mswada ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: ANALIA KAMA ATAPASUKA.

Tulianza kumjaribu jana yake. Tulimsogezea kitunguu, macho yakawa mekundu, lakini uso ulibaki wa mtoto aliyesogezewa kitunguu. Tulimpaka dawa ya mafua chini ya macho, akapiga chafya. Nilikaa naye pembeni nikamwambia afikirie jambo la kusikitisha. Akafikiri sana, kisha akasema, "Dada Semeni, mbuzi wetu alikufa, lakini tulimla."

Halidi, mpiga picha wangu, alicheka mpaka akaishika kamera kwa mikono miwili isianguke. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefunga siku tatu kabla ya kuja milimani, na kila asubuhi niliomba ombi lilelile: Ee Mungu, nipe machozi ya mtoto huyu, lakini usiniache niyapate kwa uongo. Niliomba hivyo kwa sababu niliujua uongo wenyewe. Uongo huo ndio ulionifanya mimi.

Nilikuwa na miaka tisa pia. Tulikuwa tunakaa Morogoro mjini, na Anko Abel alinichagua kwenye igizo la Krismasi la watoto wa kanisani kwetu nikaigize katika tamthilia yake ya televisheni. Siku ya onyesho la kilio sikuweza kulia. Anko Abel alinisubiri mpaka jua likaanza kuinama, kisha akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega, akasema kwa upole, "Semeni mwanangu, kuwa na moyo mkuu. Mama yako amegongwa na basi pale Msamvu."

Kamera ilikuwa inaendelea kurekodi. Nililia. Halafu, katikati ya kulia, niliona upindo wa kanga ya mama nyuma ya tangi la maji. Alikuwa amejificha hapo. Alikuwa anajua. Nilipouona ule upindo sikunyamaza. Nililia zaidi, na kipande hicho ndicho kilichoonyeshwa nchi nzima. Watu walisema hawajapata kuona mtoto anayelia vile. Baadaye Anko Abel alininunulia soda na keki, na mama alinibeba mgongoni mpaka nyumbani ingawa nilikuwa mkubwa kwa kubebwa. Hatukulizungumza jambo lile, si siku ile wala siku nyingine.

Kuanzia hapo jina langu mtaani likawa Kilio. Makondakta waliniita Kilio, mwalimu wa hesabu aliniita Kilio. "Hebu tulilie kidogo, bibie!" walinitania sokoni. Nilipofika miaka kumi na minne hakuna aliyenitaka tena kwenye kamera, maana sikuwa mtoto wala sikuwa dada. Nilirudi kwa Anko Abel nikamwomba kazi yoyote. Nikabeba nguo za waigizaji. Nikashika kibao cha namba. Nikajifunza kukata na kuunga picha kwa kukaa nyuma ya waliokuwa wanajua, nikiwaletea chai. Shule niliiacha njiani. Nilipokuwa na miaka ishirini na nne nilianza masomo ya jioni pale Mji Mpya, nikikaa dawati moja na akina mama wauza mboga na mlinzi wa benki, na nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne nilipiga magoti barabarani, watu wakinipisha.

Mwaka huu Anko Abel alinipa filamu ya kwanza ya kuongoza. Yeye ndiye mtayarishaji, kamera ni zake, na neno la mwisho ni lake. Asubuhi ile nilipanda mpaka kwenye mchungwa ulio juu ya tuta, mahali pekee penye mtandao, nikampigia.

"Bado?" aliniuliza kabla ya salamu.

"Shikamoo, Anko. Bado. Lakini leo atafanya vizuri, nina imani."

"Marahaba. Imani ni jambo jema. Lakini wewe unajua njia. Nilivyokufanyia wewe, mfanyie yeye. Umekufa? Umekuwa kichaa? Umekuwa dairekta!"

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Kilio, nisikilize. Leo usiponiletea machozi, kesho nakuja mwenyewe. Nitamliza huyo mtoto kwa dakika tano, na filamu nitaimalizia mimi. Jina lako nitaliweka kwenye wasaidizi. Sitaki ugomvi, mwanangu."

Niliposhuka tutani miguu ilikuwa inatangulia mbele ya akili. Filamu yangu ilikuwa imebakiwa na siku moja, na yule mtoto pia alikuwa amebakiwa na siku moja.

Chini, Mama Leokadia alikuwa ananisubiri kando ya jiko. Ni mwanamke mwembamba, mpole, mwenye mikono inayonuka mdalasini hata akiwa amenawa. Alinivuta mkono tukasimama nyuma ya ukuta.

"Mwalimu," alianza. Kijijini waliniita mwalimu, sijui kwa nini. "Nimesikia shida ya mtoto. Nikakumbuka na sisi tulikuona kwenye televisheni ya kijiji, zamani, unalia. Wakasema uliambiwa mama yako kafa."

"Nani alisema?"

"Watu. Sasa nimefikiri. Mwambie mimi nimeteleza kule korongoni. Nitakaa shambani hata mpaka jioni. Simwonei, si ni kazi tu? Akishamaliza nitatokea, tutacheka."

Alisema "tutacheka" kwa matumaini kabisa. Nilimtazama nikatamani kumuuliza kama ana kanga yenye upindo mwekundu, swali la kipumbavu. Badala yake nilisema, "Mama, subiri kwanza. Usiende popote."

"Ukiniambia niende, naenda."

"Najua, mama. Ndiyo maana nasema subiri."

Halidi alinikuta nazunguka tena. Yeye ni mtoto wa mjini, baba yake fundi wa redio pale Chamwino, na huwa hana subira na mtu anayezunguka.

"Dairekta, utachimba mtaro. Kaa."

"Nikikaa nitafikiri."

"Si ndiyo kazi yako, kufikiri? Angalia kule." Akaonyesha kilele kwa kidevu. Ukungu ulikuwa tayari umekaa juu, mweupe, kama mtu aliyefika mapema kikaoni. "Saa saba utakuwa hapa. Baada ya hapo nitapiga picha ya maziwa."

"Tupange watu," nilisema.

Tukapanga. Wanakijiji waliokuja kuwa waombolezaji walisimama pande mbili. Katekista alishika kitabu chake. Leokadia alisimama mbele ya kaburi katika gauni jeusi lililokuwa refu kidogo, mikono nyuma, akihesabu sisimizi. Nilipiga ishara ya msalaba. Wabebaji wakainama kulishika jeneza.

Ndipo tukasikia kilio kikishuka njiani.

"Uwiii! Uwiii jamani! Nani kafa bila ruhusa yetu?"

Watu wote waligeuka. Kutoka kwenye migomba alitokea mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana, amevaa koti la kiume ndani nje na sufuria kichwani kama kofia. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili na mzee mmoja aliyevuta kamba iliyofungwa kwenye gogo, akilisihi gogo litembee. Wote wanne walikuwa wanalia kwa sauti kubwa bila tone la chozi.

Mjomba Ignas, mwenye nyumba, alikuwa kimya na mzito tangu asubuhi. Sasa uso ukamfunguka. "Wamefika," alisema.

"Kina nani, Mjomba?"

Alinitazama kama anayenisikia vibaya. "Watani. Kwani hukuwaambia?"

Nilikuwa nimeandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji, kwa katekista na kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya mtoto kwa mama yake, kisha kwa Mjomba Ignas, kaka wa mama yake, maana kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno. Nilijiona nimefanya yote. Watani niliwasahau. Mimi ni Mluguru, mama yangu wa Mlali, nimezikiwa ndugu zangu kwa kelele za watani tangu nikiwa mdogo. Lakini ndani yangu, aliyejua hayo alikuwa mtoto wa mama yangu, na aliyepanga ratiba alikuwa mwanafunzi wa Anko Abel.

Yule mwanamke alikuja moja kwa moja mpaka kwangu. Jina lake Angelina, anauza pilipili manga na iliki kwenye soko la Kinole. Nilishawahi kununua kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye muuaji?"

"Mama, hakuna aliyekufa. Hii ni filamu."

"Najua ni filamu. Kijiji kizima kinajua, hata mbuzi. Nakuuliza: hilo ni jeneza au kabati?"

"Ni jeneza."

"Na hilo ni kaburi au shimo la taka?"

"Kaburi, mama."

"Linatoka nyumba ya nani?"

"Ya Mjomba Ignas."

"Haya. Tangu bibi wa bibi yangu, ukoo huu haujazika bila sisi, na sisi hatujazika bila wao. Sasa leo mnapitisha jeneza kimyakimya. Mnazika mwizi?"

Waombolezaji wangu walianza kucheka chinichini. Niliangalia ukungu. Ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mikarafuu ya juu.

"Mama Angelina, nimekosa. Nakuomba radhi mbele ya watu. Tuacheni tumalize kipande kimoja tu, ni dakika kumi, kisha tukae wote tunywe chai."

"Chai ya nini? Maiti hajatukanwa bado."

Nilimgeukia mbebaji wa mbele. "Inueni, ndugu zangu. Tuanze."

Hakuna aliyeinama. Walikuwa vijana wa kisasa, mmoja amevaa saa kubwa ya dhahabu ya bandia, lakini mikono yao yote ilikuwa imerudi mifukoni.

"Dada, samahani," alisema yule mwenye saa. "Jeneza tupu ni jeneza tu. Nikilitoa hapa watani wamekasirika, mimi ndiye nitakayelala na mkosi. Wewe utapanda gari urudi mjini."

"Anasema kweli," alisema Mjomba Ignas. "Hata mimi siwezi kuruhusu."

Halidi aliinama sikioni kwangu. "Dairekta, dakika arobaini. Pengine na chini ya hapo."

Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilikuwa na hasira na Angelina, na ukungu, na mimi mwenyewe. Niliwaza kwamba ningesimama mbele ya Anko Abel kesho na kumwambia nimeshindwa kwa sababu ya mwanamke mwenye sufuria kichwani. Lakini sikuwa na njia. Nikasema wapite, wafanye yao kidogo kando ya jeneza, kisha wasimame nyuma ya kamera wakati tunarekodi.

"Tumekubali," alisema Angelina haraka mno.

Walifanya yao. Yule mzee alilipima jeneza kwa kijiti akalalamika kwamba marehemu alikuwa mnene, deni la ugali wa watu limemnenepesha. Mwanamke mmoja aliligonga akauliza kama kuna mtu. Wabebaji wakatabasamu, mikono ikatoka mifukoni. Nilipoona hivyo nikapaza sauti: "Asanteni sana! Sasa watani wote nyuma ya kamera. Kimya. Halidi?"

"Inarekodi."

"Ekshen!"

Jeneza likainuka. Katekista akaanza kusoma. Waombolezaji wakaanza wimbo, taratibu, sauti za kinamama zikipanda na za kinababa zikizishika chini. Ulikuwa wimbo mzuri mno. Nilimtazama Leokadia kwenye kioo kidogo cha kamera. Uso mkavu. Aliangalia jeneza kama anavyoangalia mtu anayehamisha samani. Nilianza kuomba kimya: tafadhali, tafadhali.

Wabebaji walipofika hatua tatu kabla ya kaburi, koti lililogeuzwa lilipita mbele ya kamera. Angelina alikuwa ameruka. Sijui mwanamke mpana kama yule aliruka vipi, lakini alitua kaburini kwa kishindo, akalala chali, sufuria tumboni.

"Nimewahi!" alipiga kelele kutoka chini. "Hapa nimefika kwanza mimi! Yeye akatafute kwake! Maisha yake yote alininyima mdalasini, leo anataka nimpe kitanda?"

Wimbo ukakatika. Halidi alinitazama, kidole kwenye kitufe. Nilifungua mdomo niseme kata.

Leokadia alicheka.

Hakucheka kidogo. Kilikuwa kicheko kilichomkunja tumbo, akaziba mdomo kwa mikono miwili, kikatokea kwenye vidole. Aliangalia huku na huku kuona kama atakemewa. Waombolezaji nao walikuwa wanacheka, Mjomba Ignas anafuta macho kwa kofia. Hakuna aliyemkemea. Basi akaachia.

Nilimwinulia Halidi mkono: usizime.

Leokadia alipiga magoti kwenye ukingo. "Toka, mama," alisema huku anacheka. Maneno hayo hayakuwa kwenye mswada. "Toka bwana, utapachafua. Hapo ni pa mama!"

"Pa mama yako? Ana hati?"

"Pa mama. Toka!"

"Basi nivute. Mimi mzito kama dhambi."

Mtoto alimshika mkono akavuta. Aliteleza, akavuta tena kwa nguvu zake zote, meno yameuma mdomo, gauni limejaa udongo mwekundu, na wabebaji hawakujua kama wasaidie au wasimame, kwa hiyo walisimama na jeneza mabegani. Angelina alitoka nje akihema. Leokadia akageuka kuangalia shimo. Mgongo wa Angelina ulikuwa umeacha alama kwenye udongo mbichi, umbo la mtu, mabega na kichwa.

Kicheko kilimwishia, mdomo ukabaki wazi. Aliliangalia lile umbo muda mrefu. Kisha, bila kumtazama, aliegemeza kichwa kwenye koti la Angelina, na yule mwanamke, ambaye nusu dakika kabla alikuwa anatukana, akamwekea mkono kichwani akanyamaza pamoja naye. Jeneza likateremshwa. Hakukuwa na chozi hata moja. Nyuma yangu nilimsikia Mama Leokadia akivuta pumzi kwa shida.

Halidi aliendelea mpaka ukungu ulipofika kwenye migomba na sura zikaanza kufifia. Ndipo nikasema kata, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine.

Halidi akasema, "Dairekta, mimi nina miaka kumi na mbili katika kazi hii," akaishia hapo, akaanza kufuta lenzi.

Nilikimbia mpaka kwenye mchungwa na simu ya Halidi, aliyokuwa amenakilia kipande kutoka kwenye kamera, nikamtumia Anko Abel. Nilizunguka mti kwa hofu na furaha, mara moja, mara kumi. Simu ikaita.

"Yule kichaa kaburini ni nani?"

"Ni mtani, Anko. Ni desturi ya huku."

"Desturi ninaijua, nimezaliwa nchi hii. Nakuuliza, mtazamaji atalia wapi? Nionyeshe sekunde. Atalia wapi?"

"Pale mtoto anapoangalia chini."

"Pale mtoto haangalii chochote. Amechoka kucheka. Semeni, nilikupa onyesho la kilio, umeniletea vichekesho." Aliniita Semeni, na jambo hilo lilinitisha kuliko kama angenitukana. "Usihangaike tena. Kesho saa nne nitakuwa hapo. Shimo lisiguswe, liachwe wazi kama lilivyo. Mama wa mtoto nimeshapata namba yake, nimezungumza naye. Wewe pumzika."

Niliposhuka sikuhisi njia. Ukungu ulikuwa umeficha paa. Kando ya kaburi nilimkuta Mjomba Ignas na watani wanne, na yule mzee alikuwa ameshaleta kigogo cha mgomba kilichokatwa urefu wa mtu. Majembe matatu yalikuwa yameegeshwa.

"Tulikuwa tunakusubiri," alisema Mjomba Ignas. "Kaburi lililochimbwa halilali wazi, mama. Likilala wazi linaita. Tunaweka mgomba, tunafukia, yanakwisha."

"Anko Abel anataka liachwe mpaka kesho."

Aliguna. Alifikiri, akisugua kidevu. "Wewe ndiye mwenye msiba. Si vizuri, lakini ukisema tusubiri, tutalifunika kwa bati usiku mmoja. Sema wewe."

Mama Leokadia alisogea karibu. Alizungumza akitazama miguu yake. "Kanipigia huyo mkubwa wako leo asubuhi, nikiwa kule mchungwani. Kaniambia kesho niondoke mapema, niende Mkuyuni kwa dada yangu, mtoto asijue. Nimemwambia nitaenda." Akainua macho. "Lakini nilisimama pale nyuma leo, mwalimu. Nilimwona anamwambia Angelina hapo ni pa mama. Sasa sijui. Sema wewe."

Kila mtu alikuwa ananiambia niseme. Nilifumba macho nikaomba. Nitasema ukweli: sikusikia kitu. Hakuna sauti iliyokuja, wala amani haikushuka. Ndani ya ukungu nilimsikia Leokadia anabishana na Halidi kuhusu namna ya kumenya nanasi, "Si hivyo, kaka, unalichinja!" Niliwaza miaka ishirini ya kubeba nguo na kibao na chai. Niliwaza jina langu kwenye wasaidizi, herufi ndogo, zinapita haraka. Kaburi likiachwa wazi, kesho saa nne Anko Abel atapiga magoti mbele ya mtoto huyu na kumshika mabega. Ninamjua. Atakuwa mpole sana.

Lakini bila kaburi, na vijana wa kijiji hawatachimba jingine kwa ajili ya mgeni, atapiga picha ya nini?

"Wekeni mgomba," nilisema.

Mjomba Ignas alinitazama. "Umesema?"

"Nimesema. Mama Leokadia, kesho usiende Mkuyuni. Usiende popote. Kaa na mwanao."

Alijifunika uso kwa kanga, akaenda upande ule sauti ya nanasi ilikotoka.

Mgomba ulishushwa. Nilichukua jembe mwenyewe kabla mtu hajanipa. Udongo ulikuwa mzito kwa maji, unashika jembe, na nusu ya kila jembe iliniangukia miguuni.

"Mtazameni mtu wa mjini," alisema Angelina. "Anafukia kama anatia chumvi kwenye mchuzi! Hivyo utamaliza Pasaka."

"Nisaidie basi, mama, badala ya kunisema."

"Nikusaidie? Mimi ni mtani, kazi yangu kusema." Lakini alivua koti, akachukua jembe la pili.

Halidi alikuja akasimama ukingoni, mikono michafu kwa maji ya nanasi. Aliangalia shimo linavyojaa. "Anko Abel atakuja na gari lote, Dairekta. Atachukua kamera."

"Achukue kamera. Kadi ya leo iko wapi?"

"Mfukoni kwangu."

"Inakiliwe mara mbili kabla hatujala. Nakala moja umpe Mjomba Ignas akaiweke kanisani. Naye Anko Abel nitamwambia mimi mwenyewe, hapa, akiwa amesimama juu ya udongo huu."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitaomba usiku, asubuhi nitajua. Au sitajua, nitamwambia tu."

Alicheka kidogo, si kwa dharau, akaondoka kwenda kutafuta kompyuta.

Tulifukia mpaka udongo ukawa tuta. Yule mzee akaupigapiga kwa bapa la jembe, akamuaga mgomba kwa heshima zote, akiuliza ana watoto wangapi. Nilikuwa natokwa jasho na mavazi yangu yote ni matope. Nilidhani nitakaa chini sasa.

"Mwenye msiba," Angelina akaita, akijifuta mikono kwenye majani, "tumelia, tumetukana, tumezika. Chai iko wapi?"

Sikuwa nimeandaa chai. Sikuwa nimeandaa hata sukari. Watani wanne, wabebaji sita, katekista na nusu ya kijiji walikuwa wamesimama kwenye ukungu wananiangalia. Nikalitupa jembe, nikakimbilia jikoni.